Vijivu Viwili na Kitanda cha Mke Wangu

"Baba, sogea kidogo. Tunauhitaji ukuta."

Nilidhani sijasikia vizuri.

Mke wangu amelala. Mpira wa oksijeni uko puani. Mpira huo umechomekwa kwenye tundu la ukutani, juu ya kitanda chake... na sista ananiambia wanauhitaji ukuta.

Nikamuuliza wanauhitaji kwa kazi gani.

"Rangi," akasema.

Akanyoosha mkono, akauchomoa ule mpira kama mtu anayechomoa pasi.

Ndugu zangu mnaosoma, mimi si mtu wa kulia ovyo. Baba na mama nimewazika macho makavu. Lakini ule mlio... fsss... halafu kimya. Kimya kile ninacho masikioni mpaka leo.

Twende taratibu mnielewe.

Mimi ni fundi baiskeli. Shule niliishia njiani, kwa hiyo msomi akikuta herufi imekaa upande, aiweke sawa mwenyewe aendelee na safari. Mtaani wananiita Spoku.

Mke wangu alikuwa mshonaji. Wakimwita Mama Pindo, maana pindo lake ukiligeuza nje na ndani hujui sindano ilianzia wapi.

Tulikuwa na kibaraza kimoja, yeye na cherehani kulia, mimi na mafuta yangu meusi kushoto. Mteja akija suruali imeliwa na mnyororo, suruali inakwenda kulia, baiskeli inakwenda kushoto. Anasubiri na kaptura ya kuazimwa. Watu walikuwa wanasema hao wawili wanawinda na mbwa mmoja.

Kifua kikamwanza kidogo kidogo. Akasema ni vumbi la vitambaa. Akanywa maji ya moto, akajifunga kanga mdomoni, akaendelea kushona. Mpaka siku moja akashindwa kukanyaga cherehani na kuongea kwa wakati mmoja. Mama Pindo kunyamaza! Hapo nikajua hili si vumbi.

Tukaenda hospitali, tukapewa kitanda wodi ya kifua.

Daktari mmoja kijana, mpole, akanivuta pembeni. Akanieleza kwamba mapafu yamechoka lakini hayajakata tamaa. Apewe dawa, apate oksijeni mchana na usiku bila kukatika, atatoka pale akitembea kwa miguu yake.

"Bila kukatika, baba," akarudia. "Hilo ndilo kubwa."

Nikalishika hilo neno kama nilivyoishika shahada siku ya kwanza madrasa. Bila kukatika.

Na kweli, wodi ile ilikuwa na neema moja. Kila kitanda kilikuwa na tundu lake la oksijeni ukutani. Huhitaji mtungi, huhitaji kumbembeleza mtu. Unachomeka, hewa inakuja.

Mama Pindo akaanza kurudi. Kwanza rangi ya midomo. Kisha usingizi. Kisha mdomo wenyewe. Siku alipomwambia sista kwamba gauni lake la kazi mkono mmoja umeshonwa mrefu kuliko mwenzake, nikatoka nje nikacheka peke yangu kama kichaa. Mke wangu yuko njiani anarudi nyumbani.

Ndipo wakauhitaji ukuta.

Wodi nzima tukahamishiwa kwenye baraza la nyuma. Bati juu, saruji chini, upande mmoja hauna ukuta kabisa, upepo unaingia bila hodi. Vitanda vikapangwa kama baiskeli za kuuza.

Na tundu la hewa? Hakuna.

Wakaleta mtungi mmoja wa oksijeni. Waliokuwa wanahitaji hewa muda wote walikuwa wawili: mke wangu, na bibi mmoja mwembamba sana ambaye wodi nzima tulimwita Bibi Jirani, kwa sababu kila mtu alikuwa jirani yake. Mtungi mmoja, wanawake wawili. Sista akasema watapokezana.

Nikamwambia daktari alisema bila kukatika.

Sista akatazama chini. Hakuwa mtu mbaya yule, na mimi sitaki kumsingizia. Alisema amri imetoka juu kwamba wodi iwe tupu kuna kazi ya rangi, na kwamba ni muda mfupi tu, rangi ikikauka kila mtu anarudi mahali pake.

Sasa mimi nikajipa moyo. Nikajiambia, Spoku, rangi ni nini? Mtu anapaka ukuta huku unakunywa chai. Kesho tumerudi.

Fundi rangi alikuwa jamaa mmoja mrefu, kofia yake ina rangi zote za dunia. Kila mtu alimwita Brashi. Nikamfuata pale dirishani kumwangalia akifanya kazi, nione kama ni mtu wa mikono myepesi.

Alikuwa na mikono myepesi. Tatizo lilikuwa lingine.

Alipaka mraba mmoja, juu ya pale kilipokuwa kitanda cha mke wangu, ukubwa wa godoro la mtoto. Akapaka mwingine pembeni yake. Akaosha brashi. Akakaa chini.

Nikamuuliza ukuta uliobaki vipi?

"Naambiwa paka, napaka," akasema. "Naambiwa ngoja, nangoja."

Akanieleza kwamba kuna rangi mbili, zote kijivu, na Bosi wa hospitali lazima achague. Akanionyesha makopo. Moja limeandikwa Kijivu cha Mawingu. Jingine Kijivu cha Njiwa.

Nikauangalia ule ukuta. Nikauangalia tena. Nikaweka kiganja jicho moja, nikaweka jicho la pili.

Wapendwa, nawaapia, mimi niliona majivu na majivu.

Bosi akaja asubuhi iliyofuata na wenzake. Mtu wa mipango, mhasibu, na mama mmoja wa ofisini aliyebeba vipande vya pazia. Viatu vyote vinang'aa. Wakasimama mbele ya ile miraba miwili kama watu wanaotambua maiti.

Sisi tuko nje, tumeweka paji la uso kwenye vioo.

Bosi akasema hii ya Mawingu inavuta ubluu. Mhasibu akasema hata yeye anaona ubluu. Bosi akasema lakini ya Njiwa imepoa mno. Mhasibu akasema kweli, imepoa mno. Yule mhasibu, Bosi angesema ukuta ni wa ugoro angepiga chafya.

Wakapiga picha kwa simu, wakamtumia mke wa Bosi. Jibu likaja kwamba zote ni sawa tu. Bosi akasema simu haishiki rangi vizuri.

Wakaamua waje tena jioni, wauone ukuta jua likiwa upande wa pili.

Jioni wakaamua waione siku ya mawingu.

Mawingu yalipokuja wakaamua Brashi aongeze mkono wa pili, apake tena juu ya ile ya kwanza, kwa sababu rangi ya mkono mmoja inadanganya.

Na mkono wa pili lazima ukauke...

Huku barazani mke wangu anapokea zamu. Mpira ukiwa kwake, tunaongea. Mpira ukienda kwa Bibi Jirani, Mama Pindo ananyamaza, anahesabu pumzi zake mwenyewe, mabega yanapanda na kushuka. Mimi nampepea kwa kipande cha boksi. Kana kwamba upepo ndio uliokosekana barazani pale.

Nikaenda kwa sista. Sista akaenda kwa mkubwa wake. Mkubwa wake akasema huko juu ndiko wanaamua. Nikaenda huko juu, mlinzi wa ngazi akasema wakubwa wako chini, wanaangalia rangi.

Mnaona mambo hayo?

Yule daktari mpole nikamtafuta. Alikuwa amepelekwa kituo kingine. Aliyekuja badala yake akasoma cheti, akasema huyu mama anatakiwa awe kwenye oksijeni muda wote. Nikamwambia ndiyo daktari. Akaandika hivyo hivyo tena, kwa wino mzuri, akaenda zake.

Mwishowe nikamvizia Bosi mwenyewe kwenye ukumbi. Nikavua kofia. Nikamweleza kwamba mke wangu hali yake siyo, kwamba tunaomba wodi ifunguliwe.

Nilitegemea anifukuze. Hakunifukuza. Na hao ndio wabaya, wale wasiokufukuza. Alinishika bega, akaniita mzee wangu, akanitembeza mpaka dirishani, akanionyesha ile miraba.

"Wewe unaonaje? Ipi?"

Ndugu zangu, niseme nini? Nikamwambia chagua yoyote Bosi, mradi iwe leo.

Akacheka. Cheko la mtu aliyeshiba.

"Mzee wangu, rangi ya ukuta ni kama mke. Utaamka unaitazama kila siku. Haichaguliwi kwa haraka."

Akaniambia mimi neno hilo. Mimi, niliyekuwa namtazama mke wangu akitafuta hewa barazani.

Nikasema asante Bosi. Ndiyo, nilisema asante. Mkono ulio kinywani mwa simba hauvutwi kwa nguvu.

Sasa barazani watu walikuwa wameshaanza siasa yao. Mgonjwa akikosa kazi hutafuta ubishi. Kukawa na chama cha Mawingu na chama cha Njiwa. Mzee mmoja mwenye bandeji ya mbavu akasema Njiwa inatuliza roho. Mwenzake akamwambia roho yako itulizwe na rangi gani, wewe umepigana mpaka na pikipiki. Bibi Jirani alipoulizwa akasema macho yake yana ukungu, kwake yeye dunia yote imeshapakwa kijivu, wamsaidie tu kurudi ndani.

Mama Pindo ndiye aliyekata shauri. Zamu ya mpira ilikuwa yake, sauti ikatoka.

Akasema hawa watu hawajui kuchagua kwa sababu kila mmoja anaogopa kukosea mbele ya mwenzake. Wanataka mtu awape sababu. Basi sisi tuwape. Wote tuseme Njiwa. Atakayeulizwa, Njiwa. Asiyeulizwa, Njiwa. Bosi akisikia wagonjwa wote wanataka Njiwa atapata pa kujifichia, rangi itapakwa, tutarudi ndani.

"Na wewe kweli unaipenda Njiwa?" nikamuuliza.

"Mimi naipenda hewa," akasema.

Baraza zima likakubali. Hata yule wa chama cha Mawingu alivuka, akasema siasa ni siasa lakini mbavu ni mbavu.

Wakubwa walipokuja tena, yule mzee wa bandeji akapaza sauti dirishani kwamba wagonjwa wanaomba Njiwa. Bosi akafurahi. Akatoka mpaka barazani. Akauliza nani hapa anajua mambo ya rangi?

Watu wote wakamtazama mke wangu. Mtu akasema huyu mama ni mshonaji.

Bosi akasema vizuri sana, aletwe aone.

Nikamshika mkono huu, sista mkono ule. Tukaingia naye wodini polepole, bila mpira. Alisimama mbele ya ule ukuta, ukuta wake, tundu la hewa liko pale chini ya miraba, urefu wa mkono mmoja tu kutoka puani mwake.

Moyoni nasema, sema Njiwa. Neno moja tu. Njiwa, twende zetu.

Akaisogelea. Akaigusa kwa mgongo wa kidole, namna alivyokuwa anagusa vitambaa vya wateja. Akarudi nyuma, akafumba macho, akafumbua.

Nikajua tumekwisha. Nilimjua mke wangu.

"Hizi mbili ni sare moja ya shule," akasema. "Hii ya Njiwa imefuliwa sana, hii ya Mawingu bado mpya."

Wakubwa wakacheka. Bosi akamwomba aendelee.

Akaendelea, kwa vipande vipande, anavuta pumzi kati ya maneno. Kwamba mchana Njiwa ni nzuri, imetulia. Lakini ukiwasha taa, Njiwa itageuka tope, utaona kama ukuta haujaoshwa. Mawingu mchana inavuta ubluu kidogo, lakini taa ya manjano ikiwaka ule ubluu unakufa, inabaki safi. Amewashonea watu suti za kijivu miaka mingi, na mtu akinunua kijivu dukani chini ya taa bila kukitoa juani, lazima arudi kulalamika.



Kisha Bosi akapiga makofi. Akasema huyu mama ana jicho. Akawageukia wenzake akawauliza mbona katika ninyi wote hakuna aliyefikiria taa?

Mhasibu akasema kweli, taa.

Na Bosi akatoa amri. Taa za wodi zile nyeupe zing'olewe, ziwekwe za manjano, rangi ziangaliwe upya jioni. Wodi ibaki imefungwa, vumbi lisiingie.

Tukamrudisha barazani. Mzee wa bandeji aligeukia upande wa pili, mbavu zake na uchungu wake.

Nikamwambia, "Mama Pindo, tulikubaliana nini?"

Alikuwa ameshika mpira kwa mikono yote miwili. Akangoja mpaka pumzi ikae.

"Nimeshindwa," akasema. "Mtu akikuuliza rangi humdanganyi. Ataivaa."

Msinilaumie mke wangu hapo chini kwenye maoni, nawaomba. Mtu hana kosa kwa kusema kweli. Kosa ni la aliyemfikisha mtu mahali pa kuuza ukweli apate pumzi. Kosa ni la wale wa viatu vinavyong'aa, na nitalisema hilo mpaka niingie kaburini.

Taa za manjano hazikuwepo stoo. Zikaagizwa.

Mvua ikaja kabla ya taa.

Mvua ya upepo, ile inayoingia kwa ubavu. Tukasogeza vitanda, tukatundika mashuka, shuka likilowa linakuwa mzigo mwingine. Mama Pindo akaanza kukohoa kikohozi ambacho hakina mwisho. Midomo ikarudi kuwa ya rangi ile ya mwanzo. Nayo, mkitaka kujua, ilikuwa kijivu. Kijivu ambacho hakuna aliyekuja kukiangalia asubuhi na jioni.

Nikasema hapana. Leo nakufa mimi.

Nikafungua breki za kitanda chake. Kitanda cha hospitali ni magurudumu tu, na magurudumu ndiyo kazi yangu. Nikakisukuma kutoka barazani, nikapita naye kwenye ukumbi, watu wananipisha, mpaka mlango wa wodi.

Kufuli.

Mlinzi alikuwa pale na kiti chake. Nikamwomba. Nikamwonyesha mke wangu. Akamwona, simsingizii, alimwona, na uso wake ukabadilika. Lakini akaniambia ufunguo uko kwa mama wa mapazia, na mama wa mapazia ametoka na Bosi kwenda kuchagua taa.

"Vunja," nikamwambia.

"Mzee, nikivunja nitakula wapi?"

Nikapiga ule mlango kwa bega. Nilipiga tena. Mbao nzuri, mlango wa zamani. Wazee wetu walijua kutengeneza milango.

Kwenye kioo nilikuwa naona kila kitu ndani. Sakafu tupu imefunikwa nailoni. Miraba miwili ukutani, imekauka vizuri sana. Na tundu la hewa. Hewa ipo, wapendwa. Hewa ilikuwepo mle ndani siku zote, imekaa kwenye bomba, haina mtu wa kuivuta.

Sista akaja mbio, akasema turudi naye kwenye mtungi haraka. Tukarudi. Mtungi ulikuwa kwa Bibi Jirani, naye alikuwa kwenye hali mbaya vilevile, macho yamegeuka juu. Sista akasimama katikati ya vitanda viwili ameshika mpira mmoja. Ananitazama mimi. Mimi nimtazame nani?

Mama Pindo akanivuta shati.

Nikainama.

"Mwache bibi amalize," akasema.

Mchana ule, watu wanakula, mvua imeanza kukatika... Mama Pindo akatangulia. Nilikuwa nimeshika kile kipande cha boksi. Niliendelea kumpepea kwa muda, sista akaja akanichukua boksi mkononi.

Bibi Jirani aliamka jioni akauliza jirani yake kapata zamu yake?

Tukazika. Ya msibani siyaandiki hapa, ni yangu.

Baadaye ikabidi nirudi hospitali. Cheti cha kifo kilikuwa hakina muhuri, na muhuri unakaa ofisini kwa Bosi, ghorofani. Nilikuwa nimejipanga. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nitamwambia Bosi umemuua mke wangu kwa rangi ya wodi. Nitayasema yote, halafu wanifunge wakitaka, cherehani haina mtu na baiskeli zitasubiri.

Nikapanda ngazi. Nikagonga, nikaingia.

Bosi hayupo. Yupo katibu wake, binti mmoja mwenye adabu zake. Akasimama, akanipa pole kwa mikono miwili, akaniomba nisubiri atafute muhuri.

Nikasimama katikati ya kile chumba.

Nikageuza shingo.

Kuta zote nne. Kijivu cha Mawingu.

Taa ya manjano inawaka mchana kweupe, na ukuta uko safi, ule ubluu umekufa kabisa, kama alivyosema.

Nikamuuliza yule binti, polepole, hii rangi si ya wodi?

Akanishangaa. Akasema hapana mzee, wodi haimo kwenye mpango wa rangi, labda mwaka ujao Mungu akipenda. Rangi ilikuwa ya ofisi tangu mwanzo. Ila Bosi anaumwa kichwa, kile cha upande mmoja, harufu ya rangi ikimpata siku nzima imeharibika. Asingeweza kukaa na rangi za kujaribia humu ndani. Na madirisha ya wodi ya kifua yako chini ya haya hapa, yanatazama upande uleule, mwanga ni uleule. Basi wakajaribia kule. Hata sasa amesafiri, anasubiri harufu iishe.

"Kwani wodi si ilikuwa tupu?" akasema.

Ilikuwa tupu.

Yale maneno yangu yote niliyoyapanga njiani yakaisha. Si kwa hasira. Yaliisha tu, kama upepo kwenye tairi. Ningeyasema kwa nani? Kwa binti aliyenipa pole kwa mikono miwili? Kwa kiti cha Bosi?

Naye, kwa kutaka kunichangamsha, akaendelea kupekua droo huku akinihadithia. Kwamba walihangaika sana na zile rangi mbili, mpaka akapatikana mama mmoja mgonjwa huko chini, mshonaji, ndiye aliyewafungua macho habari ya taa. Bosi anamsifu kila mgeni anayeingia humu. Anasema laiti angejua jina lake amtumie hata zawadi.

Nikarudi nyuma, nikanyoosha mkono nijishikize.

"Mzee, samahani," akasema. "Usiegemee ukuta. Bado mbichi."

Sikuegemea.

Nilisimama wima katikati ya chumba kile mpaka muhuri ukapatikana. Binti akaupiga kwenye jina la mke wangu, akanikabidhi karatasi, akanipa pole tena. Nikasema asante.

Nikashuka, nikapitia wodini.

Wodi ya kifua imefunguliwa siku hizi, na ile miraba miwili iko palepale ukutani, hakuna aliyeifuta. Chini yake amelala mama mwingine, mpira umechomekwa. Mumewe alikuwa amekaa pembeni na chupa ya uji. Akaniona nimeduwaa mlangoni, akanitabasamia, akasema afadhali, naona na sisi wanataka kutupaka rangi. Eti mzee, wewe ungechagua ipi?

Nilitaka kumwambia. Nikamwangalia mkewe amelala vizuri, anapumua vizuri. Nikasema zote nzuri, nikaenda zangu.

Lakini ninyi nawaambia, maana ninyi mna nafasi ya kusikia.

Mkubwa akikushika bega, akakuuliza unapenda rangi gani, usifurahi kwamba umeulizwa. Muulize kwanza ukuta ni wa nani.